Ukivuka Namanga, Laini Iwe ya Jina Lako

Mtu wa Arusha anayekwenda Nairobi mara chache kwa mwaka, kufuata mzigo soko la Gikomba, kumwona mtoto aliyeko chuoni, kumpeleka mgonjwa hospitali au kuhani msiba, hafai kupewa ushauri uleule anaopewa mtalii. Mtalii yuko likizo, na bili ya simu ataikuta kwao. Mwenzetu huyu amefunga duka au amemwachia mdogo wake, fedha yake karibu yote iko kwenye simu, na asipopatikana kutwa moja tu nyumbani wanaanza kuhangaika. Anataka wa nyumbani wampate, wa kule anakokwenda wampate pia, na asirudi akiwa ametumia kwenye simu fedha iliyokuwa ya nauli.

Kwa mtu wa namna hii ushauri wangu ni mmoja. Laini ya nyumbani ibaki hewani kwa ajili ya kupokea ujumbe tu. Anunue laini ya nchi anayokwenda, isajiliwe kwa jina lake mwenyewe, kisha aitunze isife kati ya safari na safari. Ninachosema kuhusu Namanga kinawahusu pia wanaopita Holili, Horohoro, Sirari na Mutukula, na Wakenya wanaoshuka kuja Arusha, Moshi na Tanga.

Tuanzie mpakani, maana fedha huanza kupotea pale kabla hata muhuri haujagongwa. Tangu Desemba 2018 Namanga ina kituo cha pamoja cha mpakani. Anayekwenda Kenya hushukia upande wa Kenya, na humo humo ndani ya jengo moja hugongewa muhuri wa kutoka Tanzania na wa kuingia Kenya. Kwa hiyo wakati umesimama foleni na pasipoti mkononi, simu iliyoko mfukoni imeshafika Kenya. Inaachia mnara wa nyumbani, inadaka wa wenyeji, na dakika chache baadaye unaingia ujumbe wa kukukaribisha pamoja na bei za kupiga na kupokea. Watu wengi huufuta bila kuusoma. Simu janja nayo haitulii: WhatsApp inashusha picha za magrupu, programu zinajisasisha zenyewe, barua pepe zinaingia. Kama romingi ya data iko wazi, vyote hivyo vinakatwa kwa bei ya ugenini, na salio la vocha linaisha hujampigia mtu.

Dawa yake ni ndogo. Ukiwa bado Longido, fungua mipangilio ya simu, ingia kwenye mitandao ya simu, zima romingi ya data ya laini yako ya Tanzania. Usisubiri mpakani, kwa sababu pale kuna mabegi ya kuangalia, watu wa kubadilisha fedha wanakuita, na dereva anapiga honi. Romingi ya data ikizimwa, ujumbe mfupi utaendelea kuingia na simu za kawaida zitaendelea kuita. Kinachozuiwa ni intaneti peke yake.

Wanaoishi pembezoni mwa mpaka, kama Tarakea, Holili au Sirari, wanalijua tatizo hili hata bila kusafiri. Mtu ameketi barazani kwake, simu inadaka mnara wa ng'ambo na kuanza kumtoza kana kwamba amevuka. Kwa hao, kuzima romingi ya data hakutoshi. Waingie palepale kwenye mipangilio, wazime utaratibu wa simu kujichagulia mtandao, wachague kampuni yao kwa mkono. Wakumbuke kuurudisha siku wakisafiri, la sivyo simu itakaa bila mtandao wowote.

Kuna jambo ambalo wengi hawaelezwi, nalo ni jinsi simu inavyosafiri. Chukulia uko Eastleigh, Nairobi, na laini yako ya Tanzania, na mwenye duka wa mtaa wa pili anataka kukuambia mzigo uko tayari. Akipiga namba yako inayoanza na +255, simu yake inakwenda Tanzania kwanza kama simu ya kimataifa, inafika kwenye kampuni yako, halafu inarudishwa Kenya kukutafuta ulipo. Yeye analipia simu ya nje, na wewe pengine unalipia kupokea. Ndiyo maana hapigi. Dereva wa Bolt aliyesimama upande wa pili wa barabara naye akiona +255 atasita, na baada ya dakika chache anaweza kufuta safari. Kwa hiyo namba ya kigeni inakugharimu pia zile simu ambazo hazikupigwa.

Haikupaswa kuwa hivi, na yapo majaribio ya kuiondoa hali hii. Mwaka 2006 kampuni ya Celtel iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania, mteja akawa anavuka mpaka na laini yake, anapokea simu bure na kupiga kwa bei za wenyeji. Ulikuwa mtandao wa kwanza duniani wa aina hiyo, na ulianzia kwetu. Celtel ikaja kuwa Zain, kisha Airtel. Mwaka 2014 serikali za Kenya, Uganda na Rwanda zikakubaliana kuwa simu za romingi kati yao zisizidi senti 10 za dola kwa dakika, na kupokea kuwe bure. Sudan Kusini ikaingia baadaye. Tanzania haikuwamo mpango huo ulipoanza. Kwa sababu hiyo Mkenya anayekwenda Kampala au Kigali kwa siku mbili anaweza kutumia laini yake ya kawaida kwa simu za maneno na asijutie. Awe mwangalifu na intaneti tu, kwa kuwa makubaliano yale yalianza na simu za maneno. Anayekuja Arusha au anayetoka Arusha asichukulie kuwa mambo ni hayohayo.

Sasa kununua laini. Pale mpakani utawakuta mawakala chini ya miavuli, nao ni watu wa msaada, lakini kama muda unaruhusu nenda duka la kampuni yenyewe mjini. Chukua pasipoti yako. Kenya na Tanzania zote haziruhusu laini isiyosajiliwa. Tanzania ilianza usajili wa alama za vidole mwaka 2019, na mgeni anasajiliwa kwa pasipoti. Mwenye hati ya dharura ya kusafiria asishangae wakala akishindwa kumsajili. Huyo ndiye hasa anayepaswa kwenda dukani na kuuliza mapema.

Hapo ndipo linapokuja shauri ambalo nataka kulisisitiza kuliko mengine yote. Utaambiwa, "Chukua hii, imeshasajiliwa, weka vocha uanze kuongea." Usiichukue. Laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine ni mali ya huyo mtu. Siku akienda kwa wakala na kitambulisho chake akasema amepoteza kadi, atapewa nyingine yenye namba ileile, yako itazimika, na fedha iliyokuwamo itabaki kwake. Kama laini hiyo iliwahi kutumika kwa utapeli, wewe ndiye utakayekutwa nayo. Tanzania kutumia laini ya mtu mwingine ni kosa kisheria. Kenya nako usijaribu, hata kama ni ya shangazi yako wa Ngara, Nairobi, au ya mwenyeji wako wa Umoja. Kwa kupiga simu moja mwazime simu yake, lakini usijenge biashara juu ya namba yake.

Wakati wa kusajiliwa kwa alama za vidole, angalia mikono ya wakala. Akisema kidole hakijasoma, weka tena, muulize kwa nini na uangalie skrini. Kuna mawakala wasio waaminifu wanaotumia mguso wa pili au wa tatu kusajili laini nyingine kwa jina lako na kuiuza. Ukimaliza, piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Namba hiyo fupi inatumika Tanzania, na Safaricom ya Kenya nayo inayo. Ukiona namba usiyoijua, usiondoke dukani mpaka ifutwe.

Kuhusu simu yenyewe, wengi wetu tayari tuna simu ya laini mbili na hakuna cha kununua. Lakini kwa mwenye simu ya tundu moja, au anayeogopa kuporwa mjini, kitochi ndiyo njia rahisi na ya bei nafuu kuliko zote. Kenya wanaiita kabambe au mulika mwizi. Inakaa na chaji siku kadhaa, na mawimbi ya 2G inayotumia ni yaleyale nchi zetu zote, kwa hiyo itafanya kazi Mombasa kama inavyofanya kazi Tanga.

Watu wengi hukosea laini gani iwekwe wapi. Huweka laini ya ugenini kwenye kitochi na kuiacha ya nyumbani kwenye simu janja. Geuza. Laini ya nyumbani iingie kwenye kitochi, kwa sababu kitochi hakina programu za kula data kimyakimya. Humo utapokea ujumbe wa benki, namba za siri za uthibitisho, na ujumbe wa mdogo wako kwamba wateja wanauliza unga. Menyu ya fedha ya nyota na reli nayo kwa kawaida inafunguka. Laini ya Kenya iingie kwenye simu janja, ununue bando dogo la wenyeji. WhatsApp itakuuliza kama unataka kubadili namba, kataa. Itaendelea na namba yako ya Tanzania ikitumia data ya Kenya, na wanaokutafuta hawatajua hata kama umevuka. Nyumbani wakitaka kusikia sauti yako, waongee nawe humo humo WhatsApp, ukiwa kwenye bando au kwenye waifai ya mwenyeji.

Ukinunua kitochi kipya au simu ya mkononi mwa mtu, piga *#06# kwanza, upate namba ya IMEI, ambayo ni kitambulisho cha simu yenyewe. Tanzania ilizima simu bandia usiku wa Juni 16, 2016, na mtu anaweza kutuma namba hiyo kwenda 15090 ili ajue kama simu yake inatambulika. Kenya nayo ilishafanya zoezi kama hilo mwaka 2012. Simu ya bei ya kutupwa inaweza kukugharimu mara mbili.

Kwenye mabando, usivutiwe na la mwezi eti kwa sababu kila MB ni rahisi. Unakaa siku nne; chukua la siku au la wiki. Kwa anayekwenda mara chache, zuri zaidi ni lile lisilo na tarehe ya kuisha. Safaricom ilianza kuuza data na muda wa maongezi wa aina hiyo Oktoba 2019. Ukinunua kwa kipimo, kinachobaki siku ya kurudi utakikuta safari ijayo, mradi laini yenyewe iwe hai. Mkisafiri wawili au watatu, nunueni bando moja na mwenye nalo awashe hotispoti jioni mkifika mlikofikia.

Laini ya Kenya ina faida nyingine ambayo kwa mfanyabiashara inashinda hata maongezi, nayo ni M-Pesa. Nairobi mtu anaweza kumaliza siku nzima bila kushika noti: matatu, chakula, mzigo, vyote kwa namba ya till, yaani namba ya kulipia ya mfanyabiashara. Bila laini ya Kenya utabaki na mabunda ya fedha mfukoni katikati ya Gikomba, na hilo si jambo la kumshauri mtu yeyote. Waombe dukani wakufungulie M-Pesa wakati uleule wa kusajili. Tangu mwaka 2015 mtumiaji wa M-Pesa wa Vodacom Tanzania anaweza kutuma fedha kwenda M-Pesa ya Kenya, kwa hiyo unaweza kujitumia mwenyewe, kutoka namba yako ya Tanzania kwenda namba yako ya Kenya, na ukazipokea zikiwa shilingi za Kenya. Jaribu kwanza kwa kiasi kidogo, uone makato na kiwango cha kubadilisha, kisha ulinganishe na wale wa mpakani. Mara nyingine wa mpakani wana bei nzuri zaidi, ila usisahau gharama ya wasiwasi wa kutembea na fedha taslimu.

Na hapa kuna hatari ambayo nisingependa ikupate. Namba za Kenya na za Tanzania zinafanana sura. Zote zina tarakimu 10, na nyingi za pande zote mbili zinaanza na 07. Ukiwa na laini ya Kenya ukapiga namba ya mama kama ulivyoizoea, 07 na kuendelea, utampata Mkenya ambaye hakujui. Hilo ni la kuombana radhi tu. Lakini ukituma fedha kwa namba hiyo kupitia M-Pesa ya Kenya, fedha inaingia kwa mtu mwingine kabisa. Kabla ya safari, kaa chini urekebishe majina muhimu kwenye simu: badala ya sifuri ya mwanzo andika +255 kwa namba za Tanzania, +254 kwa za Kenya, +256 kwa za Uganda. Ukishaandika hivyo, namba itakufikisha kwa mwenyewe popote ulipo, hata ukiwa nyumbani. Na kabla ya kutuma fedha, soma jina linalotokea kwenye skrini.

Kuitunza laini ndiko kunakowashinda wengi. Mtu ananunua laini Januari, anaitupa kwenye droo, Agosti anairudisha kwenye simu na kukuta imekufa. Kampuni huzifunga laini zisizotumika, kwa kawaida baada ya miezi michache, kisha namba huuzwa kwa mteja mwingine. Uliza siku ya kununua kipindi chao ni kipi. Mimi ningeweka alama kwenye kalenda kila baada ya miezi miwili: siku hiyo washa laini ya Kenya ukiwa Arusha, romingi ya data ikiwa imezimwa, tuma ujumbe mfupi mmoja wa kulipia, uzime. Kwa hiyo bakiza salio dogo la vocha siku unapoondoka. Fedha ya M-Pesa usiiache nyingi humo, na namba hiyo usiifunge na akaunti ya benki, barua pepe wala mtandao wowote wa kijamii. Ikija kuuzwa kwa mwingine, namba zako za siri za uthibitisho zitakuwa zinaingia kwake.

Je, kuna safari ambazo hazistahili laini mpya? Zipo. Unayekwenda mazishi Kajiado asubuhi na kurudi jioni, tena mko kwenye gari moja na ndugu wenye laini za Kenya, acha. Pokea ujumbe mfupi kwenye laini yako na uombe simu ukihitaji kupiga. Mteja wa Airtel naye aulize kwanza, kwa kuwa kampuni hiyo iko Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, na kampuni za namna hiyo huwa na mabando ya romingi kwa wateja wao. Likiwapo la bei nzuri siku hiyo, huenda likatosha kwa siku mbili tatu. Wenye simu za kisasa zinazokubali laini isiyo na kadi (eSIM) wanaweza kuiweka laini ya wenyeji humo bila kutoa ya nyumbani, na ni raha. Ila zile zinazouzwa na kampuni za nje kupitia intaneti nyingi hutoa data tu. Hazina namba ya kupigiwa wala M-Pesa, na bei zake kwa kawaida ni juu ya za wenyeji. Hizo waachie watalii.

Anayesafiri na mzazi asiyezoea simu janja ampe kitochi chenye laini zote mbili na majina matano tu, yameandikwa kwa +. Vilevile aandike namba hizo kwenye karatasi, pamoja na jina la mtaa mlikofikia, aiweke kwenye mfuko wa pasipoti. Simu huisha chaji, huibwa, husahaulika kwenye basi, na mzee akipotezana nawe kituo cha mabasi River Road atahitaji kumwomba mtu ampigie.

Jambo la mwisho la kufanya kabla ya kuondoka ni kupiga 100 kwa kampuni yako na kuuliza kwa uwazi: laini yangu imefunguliwa romingi? Kupokea simu nikiwa Kenya ni shilingi ngapi kwa dakika? Kupokea ujumbe ni bure? Menyu ya fedha itafunguka? Bei na ofa hubadilika, kwa hiyo usitegemee majibu ya safari iliyopita wala ya jirani. Piga ukiwa bado nyumbani, kwa sababu ukishavuka, 100 hiyohiyo huenda ikakufikisha kwa huduma ya wateja ya kampuni ya Kenya.